Jiwe la Munga Halijapaliwa

Munga wa Miritini nilimjua kwa kupitapita, maana mimi ni mtu wa kutembea, na kisima chake kilimnywesha kila apitaye. Alikichimba mwenyewe. Udongo ulipokwisha alikuta mwamba mweusi wa tope, unaobanduka tabaka tabaka kama chapati ya maji moto. Akaunusa, akasema unanuka mafuta ya taa.

Hapo ndipo mkewe, Dama, alipochoka. Alitaka warudi kwao Kaloleni wakalime. Munga akasema hahami juu ya mafuta. Dama akaenda peke yake. Hii miaka tisa sasa. Kila nikila kwake, Munga alikuwa na neno lile lile: wali wa Dama haukuwa hivi, Dama alijua kupalia. Yaani ule upishi wa kutia makaa juu ya kifuniko, moto juu, moto chini, kisha sufuria isiguswe.

Mwaka jana Jael, binti anayesomea miamba chuoni, alichukua vipande vya lile jiwe. Munga alimngoja miezi mitatu. Siku aliporudi nilikuwepo. Alituamkia, akakaa, akaeleza taratibu: lilikuwa tope la bahari ya zamani, lina mabaki ya vijidudu na mimea ndani yake. Tope kama hilo hulaliwa na tope jingine, likadidimia, na joto la huko chini hugeuza mabaki hayo kuwa mafuta. Joto likizidi huwa gesi. Likizidi tena, hapana kitu. Hili la Munga halikuzikwa chini vya kutosha.

Munga akasema, "Kwa hivyo halikupaliwa."

"Ndiyo, baba. Bado bichi."

"Na moto ukizidi, ukoko."

Jael akacheka, akasema mwalimu wake hajawahi kulieleza vizuri hivyo. Munga akauliza likingojwa litachukua muda gani. Akaambiwa mamilioni ya miaka, tena lizikwe kilomita mbili, tatu.

Asubuhi yake alinikabidhi ndoo na kamba ya kisima nimtunzie, ila akaniomba kwanza nimsindikize Kaloleni. Tulipanda matatu. Aliweka kipande cha lile jiwe mapajani, akikipangusa kwa kidole.

Tulimkuta Dama jikoni uani, ameinamia sufuria. Alimtazama mumewe toka miguu hadi kichwa.

"Mafuta yako wapi?"

"Hayajaiva, Dama."

Dama akachukua koleo, akaweka kaa jingine juu ya kifuniko.

"Basi keti. Hata wali bado."