Makofi Kwenye Keria

Mke wangu ndiye aliyekuwa akinipigia makofi nikiendesha baiskeli. Sisi Waha tunasalimiana kwa mikono: unapiga makofi taratibu, unainama kidogo, unasema "Mwakeye," na mwenzako anakujibu vilevile. Aliyeshika usukani hana mikono ya kusalimia, lazima ashuke. Basi yeye, akiwa amekaa kiupande kwenye keria, alipiga makofi kwa niaba yetu wawili, nami niliinamisha kichwa tu na kuendelea kukanyaga.

Hiyo ilikuwa kila Jumapili asubuhi baada ya ibada, kwenye njia ya kando ya mto hapa Kasulu mjini. Hatukuwa tukienda popote. Majirani walitucheka, maana kwetu baiskeli ni ya mikungu ya ndizi na magunia ya mihogo. Ukipita nayo tupu, polepole, watu wanauliza nani amefariki. Mke wangu aliwajibu, "Hajafa mtu. Tunaitembeza baiskeli." Kusema kweli, mara nyingine salamu zake zilinichosha. Nilimwuliza, "Utamsalimia hadi kambale?" Akasema, "Akitoa kichwa, kwa nini nisimsalimie?"

Alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Baada ya matanga nilirudi kwenye njia ile, lakini kwa mbio, nikienda sokoni ninakoshona viatu. Nikiona mtu ninayemfahamu, nilijifanya naangalia mnyororo. Nilijua nikishuka wataniambia pole, na baada ya pole nitatakiwa kusema kitu. Sikuwa nacho. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hata aliyesoma sana sidhani angekuwa nacho. Nikasikia watu wanasema nimekuwa na maringo. Iliniuma, nikazidi kukimbia.

Kuna mama mmoja mzee aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, sasa ni raia mwenzetu. Ana bustani ya mchicha na kabichi pale njia inaposogelea maji. Mke wangu hakuwahi kumpita bila salamu. Mimi nilimpita miezi minane.

Jumapili moja niliamka nimechoka kukimbia. Nikaamua jambo moja: nitakwenda polepole hadi bustani ile, nishuke, nimsalimie. Nikishindwa, njia ya mto basi tena. Nitapita barabara ya juu maisha yangu yote.

Nilipomwona ameinama na debe lake lililotobolewa matundu, akimwagilia, miguu ilitaka kukanyaga kwa nguvu. Nikabana breki. Nikashuka.

Stendi ya baiskeli ilivunjika zamani. Tukisimama, mke wangu ndiye aliyeishika. Nilikuwa nimesahau. Niliachia usukani nipige makofi, baiskeli ikaangukia kabichi mbili.

"Mwakeye, mama," nilisema, viganja vikiwa bado vimekutana.

"Mwakeye, mwanangu." Alipiga makofi yake hadi matone yakaruka. Kisha akatazama kabichi. "Miezi yote hii hushuki, na siku unayoshuka unanivunjia bustani?"

Nilicheka. Sauti ilitoka na kutu, lakini kilikuwa kicheko.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa napita makusudi."

"Najua. Mnyororo gani huo unaangaliwa kila siku?" Aliinua baiskeli upande wake, mimi upande wangu. "Mimi nilikuwa nakusalimia. Ukishapita napiga makofi, nasema mwakeye, halafu najijibu kwa ajili yako. Wenye bustani hizi wanadhani nimerukwa na akili."

Hakuningoja nijibu. Hakuniambia pole pia. Alizikata zile kabichi mbili, akazifunga kwenye keria, pale alipokuwa akikaa mke wangu. "Haya, nenda," alisema. "Na wale wanaofua pale mbele, usiwaangushie kitu."

Niliisukuma baiskeli hadi kwa wanaofua. Safari hii niliiegemeza kwanza kwenye mkaratusi, ndipo nikapiga makofi. Baada yao kulikuwa na wengine, na wengine tena. Njia niliyozoea kuimaliza kwa dakika chache ilinichukua hadi jua likafika utosini.

Nyumbani kabichi zilikuwa zimeanza kunyauka. Nilizipika zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu matanga nilikula nikashiba.