Sombe Niliyoisifu Kabla Haijapikwa

Kuna akina mama kule Kakuma ambao mpaka leo wakiniona, hata kama niko ng'ambo ya barabara na nimejifanya naongea na simu, wataniita kwa jina na kuniuliza kama nimeshiba, kisha wacheke wote, na mtu niliye naye atadhani hao ni watu wanaonijali sana, kumbe ni aibu yangu inasalimiwa. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na Esekon, ambaye hutia chumvi hata mahali ambapo, niaminini, chumvi ilikuwa imeshatosha.

Mimi ni Akiru, nakaa Nawoitorong hapa Lodwar, na kazi yangu ni kutoa kopi na kuchapa barua kwenye duka moja mjini (barua za kuomba kazi hasa, mpaka nahisi nimeshaomba kila kazi iliyopo kaunti hii). Pembeni ya hiyo nilianzisha blogu. Niliipa jina Kivuli cha Saa Saba, maana mgeni akifika Turkana saa saba mchana kitu cha kwanza anachotafuta ni kivuli, mengine yote baadaye, kwa hiyo nilikuwa naandika wapi kuna mti mzuri, wapi kuna chai, duka gani mwenyewe hakufukuzi ukikaa bila kununua kitu. Niliipenda ile blogu jamani. Shida ni kwamba wasomaji wake walikuwa wawili: mimi kwa simu yangu, na mimi kwa kompyuta ya kazini.

Esekon ni fundi wa simu, kibanda chake kimeegemea duka letu, na siku moja alichoka kuniona nikiugua ugonjwa wa kuhesabu wasomaji.

"Akiru, manze, utazeeka na hiyo blogu peke yako," akasema. "Watu hawajui uko. Enda kwa blogu za wenyewe, soma, wacha komenti, hapo chini weka linki yako. Mtu akipenda komenti yako atafuata linki mpaka kwako."

Ushauri ulikuwa mzuri na ninamshukuru mpaka kesho. Ila aliposema "soma", hilo neno liliingia sikio hili likatokea lile.

Mwanzo nilijitahidi, nisisingiziwe. Nilisoma habari ndefu ya mwalimu mmoja kuhusu visima, nikamwandikia komenti ya heshima, nikangoja. Hakuja mtu. Nikasoma nyingine, nikangoja, kimya. Joto ni lile mnalolijua, bando inaisha, nami nikaona kusoma kunanichelewesha, basi nikatunga komenti moja ya kufaa kila mahali, nikawa nainakili na kuibandika: "Nimejaribu hii nyumbani, familia yote imefurahia! Karibuni na kwangu." Linki hapo chini. Niliibandika kwa mapishi, nikaibandika kwa ushonaji, nikaibandika kwa daktari mmoja wa mifugo wa Kaaleng ambaye (sikujua, ningejuaje na sikusoma?) alikuwa ameeleza dawa ya minyoo ya mbuzi. Yule daktari alinijibu kwa upole: "Dada, hii ni ya mbuzi. Mko sawa huko nyumbani?"

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, hata ikiwa ni ya mbuzi, na mimi niliona kosa langu ni kwamba komenti haikuwa na ladha ya kweli, kwamba nikitaka watu waniamini lazima nionekane namjua mwenye blogu. Hapo ndipo nilipofika kwa Mama Furaha.

Mama Furaha ni Mkongomani, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, na blogu yake ilikuwa ya mapishi ya kwao. Niliona picha ya chungu kimejaa mboga ya kijani, juu yake kichwa cha habari: Sombe ya Mama. Wasomaji walikuwa wengi, wanasalimiana pale chini kama watu wa boma moja. Nikatamani. Nikaandika, kwa vidole vyangu hivi, bila kusoma hata mstari mmoja: "Mama Furaha, wiki jana nilipita kwako nikala hii sombe, sijawahi kula tamu kama hii! Wapenzi wa chakula, karibuni na kwangu."

Kesho yake, jamani, watu walikuja! Nilifungua kompyuta nikakuta wageni mpaka nikafikiri mashine imeharibika, nikamwita Esekon, nikamnunulia soda baridi, tukaruka pale mbele ya duka. Tena walikuwa wanaacha na komenti kwangu. "Ni weye ulikula sombe?" mmoja aliuliza. Mwingine: "Ulikula siku gani?" Mwingine: "Ulikula na nini?" Nikaona hawa watu ni wachangamfu kweli, na mgeni akija hujibiwa, basi nikajibu wote: nilikula Jumatano, na ugali, nikaongezewa sahani ya pili.

Sahani ya pili! Hakuna aliyeniuliza habari ya sahani ya pili. Niliileta mwenyewe.

Jioni simu ikaita. Namba yangu ilikuwa kwenye blogu, pamoja na picha yangu nikicheka chini ya mti, kwa hiyo kunipata haikuwa kazi.

"Ni mama Akiru wa Lodwar?" Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayejizuia. "Miye ni Mama Furaha. Nakuuliza kitu kimoja tu. Sombe yangu uliikula wapi?"

Nikaanza kutafuta kichwani mtaa wa kutaja.

"Kwa sababu miye sijapika," akasema. "Hoteli yangu haijafunguka ata. Ile picha ni chungu cha harusi ya jirani, niliandika pale chini. Hukusoma?"

Akanieleza taratibu, na kila neno lilikuwa linanipunguza kimo. Hoteli yake ilijengwa na akina mama wa kanisa lao. Walikanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakabeba maji vichwani, kila mmoja alivyoweza, na yeye aliwaahidi mbele ya kanisa kwamba chungu cha kwanza cha sombe kitakuwa chao, kabla hajauzia mtu mwingine yeyote. Walikuwa wanakingoja. Sasa wamesoma kwamba kuna mtu wa Lodwar ameshakula, Jumatano, na akaongezewa.

"Bamama banasema napika kwa kujificha," akasema. "Wamesema Jumamosi hawatakuja kufungua. Na bila wao miye sina mtu hapa, unasikia? Niliacha wote kwetu. Hawa ndio ndugu zangu."

Nilimwambia nasikitika. Nikasema nitawapigia simu wote.

"Hapana kwa simu. Kwa simu watasema nimekununua. Njoo Jumamosi useme na mdomo wako."

Sitawadanganya (nimeshadanganya vya kutosha), nilifikiria kuzima simu na kubadilisha namba. Nilimweleza Esekon, naye akasema, "Si ufute tu hiyo komenti, story iishe." Nikafuta. Laiti ningejua! Usiku haujaingia akina mama wakaanza kusema: mmeona, imefutwa, basi ni kweli. Nilikuwa nimemtia Mama Furaha shimoni, na sasa nikawa nimemfukia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kakuma. Njia nzima nilikuwa natunga maneno kichwani, maana mimi barua naziweza. Hoteli niliiona kwa mbali, kuta mpya, mabati yanang'aa, na uani akina mama wamekaa kwenye mabenchi wamevaa vitenge, wamekuja kumbe, si kufungua hoteli bali kunisikia mimi. Mama Furaha alikuwa amesimama kando ya chungu kilichofunikwa, mwembamba, mikono kifuani. Alipika hata hivyo. Alikuwa amepika bila kujua kama kuna mtu atakula.

Kiongozi wao anaitwa Mama Jeanne, mtu mzima, sauti yake haina haja ya spika. Alinisalimia "ejok" kama kwetu Waturkana, nikaitikia, akanisimamisha katikati.

"Huyu ndiye mgeni aliyekula kabla yetu," akawaambia wenzake. "Sema, mwanangu."

Nikakohoa. "Akina mama wapendwa, ningependa kuchukua fursa hii kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza..."

"Ulikula ao hukula?"

"Sikula."

"Sombe unaijua?"

"Sijawahi kuiona." Nikaona wacha nimalize yote. "Kwa picha nilifikiri ni sukuma wiki."

Pakatokea mguno, halafu kicheko kimoja kilichotoroka kutoka benchi la nyuma. Sukuma wiki! Baadaye niliambiwa hilo liliwauma kuliko uongo wenyewe.

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Nilitaka watu wafuate linki waje kwa blogu yangu. Hakuna mtu anaisoma."

Mama Jeanne akawageukia wenzake kama anayetafuta msaada.

"Miye nimekaa hapa na Waturkana miaka," akasema. "Kila siku mlangoni kwangu: mama nipe maji, mama nipe sukari, nipe hiyo leso. Hawaoni haya, na mwanzo nilikasirika, kisha nikaelewa: mtu anaomba wazi, ukiwa nacho unampa, kesho unaenda kwake unaomba na weye. Sasa huyu ni Mturkana wa namna gani, anashindwa kusema nipe?"

Mabenchi yalianguka kicheko. Mimi nilitamani ardhi ya Kakuma, ambayo huwa na nyufa za kutosha, initafutie moja. Kwa sababu ni kweli. Mama yangu yuko Lorugum, na akija Lodwar anaweza kumwomba mtu asiyemjua kiti alichokalia, na akapewa, na wakawa marafiki. Na mimi mtoto wake nilizunguka mtandao mzima nikisifu dawa ya mbuzi kwa sababu niliona haya kusema: nimeandika, naomba usome.

Lakini mambo hayakuisha. Mama mmoja alisimama akasema huyu msichana anaweza kuwa amefundishwa, Furaha amemleta aseme hivyo. Kicheko kikakatika. Nikamwona Mama Furaha anainamisha kichwa, na hapo nikaogopa kweli, kwa kuwa ukweli wote nilikuwa nimeshautoa na haukutosha.

"Tule kwanza," Mama Jeanne akasema. "Chungu kisipoe kwa sababu ya mdomo."

Walipakuliwa wao, mmoja mmoja, kama ilivyoahidiwa, na mimi nikapewa wa mwisho kabisa, wote wakinitazama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujua sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika, yakachemshwa na mawese. Nilimega ugali tonge kubwa (nilitaka kuonyesha heshima), nikachovya, nikatia mdomoni.

Pilipili! Sijui niseme nini. Machozi yalitoka, kamasi zikatoka, nikapapasa maji, nikanywa ya Mama Jeanne, nikanywa ya jirani yake, nikasimama, nikakaa. Nusu ya watu uani walikuwa wamesimama kunitazama.

"Haya," Mama Furaha akauliza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Komenti?"

"Ni tamu," nikasema nikihema. "Lakini mama, pilipili imenishinda."

Yule mama aliyekuwa na shaka ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akapiga paja lake. "Ni kweli hakula!" akasema. "Muongo huyu hakula! Mtu amekula sombe ya Furaha sahani mbili, ataandika tamu-tamu asiseme pilipili? Haiwezekani!"

Yakaisha hapo. Maelezo yangu yote na nauli yangu havikumsafisha Mama Furaha, pilipili yake ndiyo iliyomsafisha. Akina mama walimkumbatia, wakaimba, na yeye akalia na kijiko mkononi. Mimi nililia pia, na mpaka leo sijui machozi mangapi yalikuwa ya pilipili.

Nilipoaga, Mama Jeanne akanizuia. "Bado hujaomba."

Nikasimama mbele yao, uso umevimba. "Akina mama," nikasema, "mimi nina blogu. Nipeni wasomaji."

Walitoa simu palepale. Mama Furaha aliweka linki yangu kwenye blogu yake na maneno haya: "Huyu ndiye alinisingizia. Msomeni, anaandika vizuri akiwa ameona." Na komenti ya kwanza ya kweli niliyowahi kupata maishani ilikuwa yake, ndefu, amesoma kila kitu, na akaniambia kivuli nilichokisifu pale sokoni kina siafu. Nilienda nikaangalia. Kina siafu.

Tangu siku hiyo nimeapa sitasifu chungu ambacho sijakiona kikifunuliwa. Nilirudi hata kwa yule daktari wa Kaaleng, nikasoma minyoo mwanzo mpaka mwisho, nikampigia mama yangu kule Lorugum nikamsomea, naye alikuwa na maswali mawili, nikayaandika hapo chini na mwisho nikaongeza kwamba nina blogu na naomba daktari aje. Akaja, na watu wake. Kivuli cha Saa Saba sasa ina wenyewe, na wengi wao waliingia kwa mlango wa aibu yangu. Nawashukuru wote.

Na wale mama wa Kakuma wakinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Akiru, umeshiba?", zamani nilikuwa nainama nikipita haraka. Siku hizi nasimama, nawajibu kwa sauti barabara nzima isikie: "Bado! Nipeni!"