Mwanga, Bwana Mwamuzi

Kwetu Skelbeck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, kuna ugonjwa ambao hakuna anayeuita kwa jina la daktari. Mtu akishafanya kazi shimoni miaka mingi, amelala ubavu akichokoa makaa kwa taa yenye mwali usiozidi ukucha, siku moja ile taa huanza kucheza. Kwanza inatikisika kidogo, kisha inazunguka, na mwishowe kila kilicho mbele yake kinazunguka nayo. Nafuu pekee ni kuinua kidevu na kutazama mambo kwa chini, kupitia kope, maana hapo macho hutulia. Ndiyo sababu wagonjwa hawa hutembea vichwa nyuma, mfano wa kuku anayemeza maji, na watu wetu, ambao midomo yao haina huruma, huwaita kuku.

Enos Dakin alikuwa mtoto wa kuku. Baba yake, mzee Gideon, alikuwa na mwaka wa tisa jikoni, kwenye benchi, uso ukutani na mgongo dirishani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, kwa sababu mwanga wa mchana ulimwasha macho kama pilipili. Enos mwenyewe aliingia shimoni akiwa na miaka kumi na mitatu, akatoka na miaka ishirini na miwili, kaunti ilipomwita kucheza kriketi ya kulipwa. Nasema alitoka, lakini hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kaunti humlisha mchezaji tangu Mei hadi Agosti; kuanzia Septemba ajijue mwenyewe. Basi kwa misimu kumi na moja ya baridi Enos aliegemeza gongo lake la kupigia mpira nyuma ya mlango, akavaa viatu vya shimo, akashuka tena. Wale mabwana waliompigia makofi Agosti hata siku moja hawakuuliza Desemba alikuwa wapi.

Alikuwa mpigaji wa kutangulia, yule anayetumwa kusimama mbele ya vijiti vitatu, kuzuia mpira usiviangushe akatolewa, wakati mpira bado mpya na mrushaji bado ana hasira. Hakuwa na madaha. Alisimama, akazuia, akasimama tena, mpaka warushaji wa kusini walipochoka na kuanza kumtukana mama yake. Watu wetu walimpenda kwa hilo. Waliketi upande wa viingilio vya bei rahisi, kwenye ukingo wa nyasi, wakiwa na mkate wao na chai baridi kwenye chupa, na kila Enos alipozuia mpira waliguna kwa raha.

Uwanja wa kaunti una mageti mawili. La katikati, lenye ngazi nyeupe, ni la mabwana wanaocheza kwa ridhaa, yaani wasiohitaji kulipwa kwa kuwa baba zao walishalipwa zamani. La pembeni, karibu na choo, ni la wanaolipwa. Watu wawili wanaokwenda kupiga pamoja hutokea milango miwili, wakakutana katikati ya nyasi kana kwamba wamefika kwa treni tofauti. Kapteni lazima awe bwana, hata kama hajui kupiga. Kapteni wetu alikuwa Bwana Everard Carbury, na hakujua.

Sasa, mwaka ule, majira ya kuchipua, kamati ya kaunti ilimwita Enos ikampa ahadi. Akimaliza msimu akiwa bado ndani ya timu, kuanzia Septemba atakuwa mwalimu wa kriketi wa kaunti, kwa mwaka mzima, jua na theluji. Hatashuka shimoni tena maisha yake yote. Mkewe, Letty, aliposikia alikaa chini akalia, kisha akainuka, akavichukua viatu vya shimo kutoka chini ya ngazi, akampelekea mume wa jirani.

"Letty, subiri kwanza msimu uishe," Enos alisema.

"Sisubiri kitu. Sitaki kuviona humu ndani. Vikikaa vitakuita."

Hiyo ilikuwa Aprili. Wiki ya tatu ya Mei, wakati wa chakula cha jioni, taa ya mezani ilianza kucheza.

Enos alidhani ni upepo. Akatazama pazia: limetulia. Akatazama kivuli cha sufuria ukutani, nacho kikawa kinatetemeka, pamoja na ukuta wenyewe. Aliinamisha kichwa juu ya sahani, mambo yakazidi. Akainua kidevu, mambo yakatulia. Akaweka kijiko mezani.

"Mbona huli?" Letty alimwuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, umeonja kijiko kimoja!"

Kwenye benchi lake, mzee Gideon aligeuza kichwa kidogo kutoka ukutani.

Tangu siku ile Enos aliishi roho juu. Alijifunza kupiga akiwa ameinua kidevu kidogo, kiasi tu cha kutotiliwa shaka. Alijifunza kusikiliza kishindo cha miguu ya mrushaji na kuhesabu pumzi. Siku nyingine macho yalimwonea huruma akapata mikimbio, yaani pointi, thelathini, arobaini, na magazeti yakaandika kwamba Dakin ni yule yule. Siku nyingine mpira mmoja ulimjia kama miwili, akachagua mmoja kwa kubahatisha. Wenzake kwenye chumba cha wanaolipwa waliona ile shingo, wakacheka.

"Dakin siku hizi anatutazama kwa juu! Amekuwa bwana huyu!"

"Mwacheni jamani, anafanya mazoezi ya geti la katikati."

Enos alicheka nao. Kicheko kile kilimuuma kuliko matusi ya warushaji wote wa kusini.

Julai, Jumapili moja, Letty akiwa kanisani, mzee Gideon alizungumza bila kugeuka.

"Umeingia shingo juu. Nimekiona kivuli chako ukutani."

"Inauma, Baba. Nimelala vibaya."

"Shingo za kina Dakin haziumi. Inacheza?"

"Haichezi."

"Na mimi nilisema haichezi. Miezi minane nilisema haichezi, mpaka siku niliyompiga Sam Oldknow sururu ya mguu nikidhani ni makaa. Wewe unangoja umpige nani?"

Enos alivuta kiti akakaa karibu naye. "Wiki saba tu, Baba. Zikiisha nitakuwa mwalimu. Mwalimu haangalii mpira, anaangalia miguu ya wanafunzi. Miguu bado naiona."

"Wiki saba," mzee alirudia, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua.

"Usimwambie Letty."

"Simwambii. Lakini jihadhari naye. Katika nyumba hii asiye kipofu ni yeye peke yake."

Wiki zikapita, sita, kisha moja ikabaki. Mechi ya mwisho ilikuwa kwenye uwanja wetu wa kaunti, dhidi ya kaunti moja ya kusini yenye mrushaji mrefu, mwenye mikono kama matanga, ambaye mpira wake haukuruka bali ulitambaa. Siku ya tatu asubuhi ilikuwa dhahiri kwamba kushinda hatushindi. Kilichobaki kilikuwa kusimama hadi jioni bila kutolewa wote, au kuombea mvua, ili mechi iishe sare. Mawingu mazito yalikuwa yamekaa magharibi, na wachimbaji wa Skelbeck walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa nyasi, maana shimo lilifungwa siku hiyo kwa kukosa wanunuzi wa makaa.

Wakati wa chakula cha mchana Bwana Carbury alikuja mpaka mlango wa chumba cha wanaolipwa. Hakuingia, hawaingii.

"Dakin."

"Bwana."

"Tunarudi kupiga pamoja, mimi na wewe. Mawingu yale yakishuka tumepona. Giza likiingia, mwombe mwamuzi asimamishe mchezo kwa kuwa mwanga hautoshi. Uombe wewe. Unaelewa, mimi siwezi. Muungwana haombi apunguziwe."

"Naelewa, Bwana."

"Na usichelewe. Ukiona tu giza, omba."

Enos alikuwa mtu wa kutii amri. Hilo nalo walimfundisha shimoni.

Walitoka, mmoja geti hili, mwingine geti lile, wakakutana kwenye nyasi. Saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Kidevu juu, Enos alizuia, akazuia, na watu wetu wakaguna kwa raha yao ya zamani. Alianza kuamini. Aliwaza Septemba, aliwaza Letty akifua nguo zisizo na vumbi la makaa.

Kisha yule mrefu akapewa mpira, akaanza kurusha chini kabisa. Mpira ulitambaa kwenye majani, na ili auone, Enos ilimlazimu kuinama. Aliinamisha kidevu mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu uwanja ukaanza kutikisika. Mrushaji akawa wawili, watatu, wakapishana kama watu wanaocheza ngoma, halafu pembe za dunia zikaingia weusi, weusi ukaja mpaka katikati, na zile nguo nyeupe zikawa kijivu.

Mawingu, Enos alijiambia. Mawingu yamefika. Tumepona.

Akainua mkono kumsimamisha mrushaji, akatembea hatua chache kuelekea kwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mzee Zeb Limb wa kijiji cha jirani, mchezaji wa zamani na mchimbaji wa zamani zaidi, mwenye makovu ya bluu ya makaa usoni. Enos alipaza sauti, kama desturi inavyotaka, ili kila mtu asikie.

"Mwanga, Bwana Mwamuzi!"

Mzee Limb alitazama juu, akatazama magharibi, akamtazama Enos.

"Dakin!" Bwana Carbury aliita kutoka upande wa pili. "Kuna nini?"

"Naomba mwanga, Bwana. Kama ulivyosema."

"Mwanga gani tena, wee mtu? Jua linatukaanga hapa!"

Upepo ulikuwa umegeuka wakati wa chakula, ukayafagia yale mawingu yote. Anga lilikuwa tupu na safi mwisho hadi mwisho. Jukwaa la wanachama liliangua kicheko. Mabwana walipiga magoti yao kwa viganja, mmoja akapiga kelele kwamba Dakin apelekewe mshumaa. Ndipo Enos alipohisi joto kwenye kisogo chake. Lilikuwepo muda wote, likimchoma, na yeye hakulisikia.

Upande wa bei rahisi hakucheka hata mtu mmoja. Watu mia sita wa shimo walikaa kimya na mikate yao mikononi. Walikuwa wameelewa kabla mzee Limb hajafungua kinywa.

"Inacheza tangu lini, kijana?" mwamuzi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu Mei."

"Gideon anajua?"

"Anajua."

Mzee Limb akasema kwa sauti ya kazi, ili sheria itimie, "Mwanga unatosha. Mchezo uendelee." Na tena kwa chini, "Inua kidevu, kijana. Inua chote. Hakuna tena wa kumficha."

Enos alirudi mbele ya vijiti, akainua kidevu mpaka kisogo kikagusa kola, mbele ya kaunti nzima. Alisikia miguu ya mrushaji. Alisikia mpira ukigonga ardhi. Sauti ya tatu ilikuwa ya mti: vijiti vimeanguka, ametolewa.

Akatembea kuondoka akifuata kelele, na hakujua amekwenda wapi mpaka mlinzi wa ngazi nyeupe alipomwekea mkono kifuani. "La pembeni, Dakin," alisema, wala si kwa ubaya. Alikuwa akifanya kazi yake.

Jioni ile ile katibu wa kamati alimpa mkono akamwambia watamwandikia. Enos hakuuliza wataandika nini. Treni ilimfikisha Skelbeck jua bado halijazama, lakini watu wa baiskeli walikuwa wamemtangulia, na Letty alikuwa amesimama mlangoni, aproni imekunjwa mkononi.

"Tangu Mei!" alisema. "Unalala ubavuni mwangu tangu Mei na kitu hicho kichwani! Mimi nani kwako, Enos? Jirani?"

"Nilitaka wiki saba tu."

Alimpiga kifuani kwa ile aproni, mara moja, mara mbili, kisha akamshikilia, akalia kwa sauti bila kujali waliokuwa barabarani. Alipopata pumzi akafuta uso, akaanza kuvaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa jirani. Nikaombe vile viatu. Septemba hii hapa, tutakula nini?"

"Letty," mzee Gideon aliita kutoka jikoni. "Acha viatu vya watu. Shimo halichukui kuku."

Letty alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa hakulia tena. Alitazama baba, akatazama mwana.

"Funga pazia, binti yangu," mzee akasema. "Jua limeingia sana humu."

Letty akafunga. Mzee Gideon, uso wake ukiwa bado ukutani, akajivuta taratibu mpaka mwisho wa benchi, akapiga ubao kwa kiganja mahali alipopaacha wazi. Enos akaenda akakaa.