Sukari Ilikuwa ya Nani

Juzi hapa hotelini Diani, nikiandaa chai ya asubuhi, mgeni Mfaransa aliniomba "sucre", akaitamka kama "sikri". Kabla hajaonyesha kwa kidole, nilikwisha kumsogezea bakuli la sukari. Tangu hapo situlii. Nafagia palipokwisha fagiliwa, naanza jambo na kuliacha, na mawazo yote yako Msambweni, kwenye kibaraza cha duka la jirani yetu.

Ungepita pale utotoni mwangu baada ya alasiri, ungekutana na harufu ya iliki kabla ya kuwaona wenyewe: jirani yetu, yule Mhindi mwenye duka, pamoja na mwalimu wetu wa madrasa, wakinywa chai yao. Siku moja mwalimu akasema sukari ni neno la Kiarabu, sukkar. Jirani akaweka kikombe chini.

"Maalim, kwetu Gujarat bibi yangu alisema sakar. Hilo mlilitoa kwetu."

Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake mwalimu hakuja. Ramadhani ikaingia, ikatoka, hawaamkiani. Nyumbani bibi yangu alikuwa akisema ulimi hauna mfupa, kisha anarudi dirishani kutazama kile kibaraza kitupu.

Baadaye jirani alilazwa hospitalini. Bibi akachemsha uji, akanishika mkono tukaenda. Tulimkuta mwalimu ametutangulia, ameketi ukingoni mwa kitanda na chupa ya chai. Jirani alionja, akauliza kwa sauti ndogo:

"Umetia ya kwenu au ya kwetu?"

"Kunywa kwanza, jirani. Ukipona tutabishana."

Alicheka mpaka akakohoa. Hakupona.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake. Neno lilianzia Bara Hindi, likiwa na maana ya changarawe, kwa ajili ya zile punje za sukari. Waajemi wakalichukua, Waarabu wakalipokea kwao, na kwa Waarabu likaja kwetu, likaenda Ulaya pia, mpaka Ufaransa. Sina wa kumpelekea habari hiyo. Duka lilivunjwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Bibi na mwalimu wako makaburini.

Lakini nakumbuka miezi ile baada ya msiba. Mwalimu alirudi kibarazani kila alasiri, na mtoto wa marehemu alimletea chai. Aliinywa polepole, akitazama barabara. Hapakuwa na wa kumbishia.