Mboni, fundi wa Gerezani asiyeachia gari lenye oili ya breki iliyochoka

Saa mbili asubuhi, Gerezani, hatua chache kutoka kwenye makelele ya Kariakoo. Mboni Chilumba amekaa kwenye kigoda kando ya Noah iliyoinuliwa kwa jeki, tairi la nyuma limeshatolewa; pedi ameshazikagua, na hakuna panapovuja. Kwenye kiti cha dereva yupo mteja mwenyewe, Thuraya, aliyevua viatu ili aipate vizuri pedeli.

“Kanyaga mara tatu, Mama Nour. Haya, shikilia hapohapo!”

“Nimeshikilia.”

Mboni analegeza nati kwa spana. Kupitia mpira mwembamba, oili nyeusi kama kahawa inashuka kwenye chupa tupu ya maji, mapovu yakifuatana nayo. Anakaza nati.

“Achia. Tunarudia mpaka itoke safi.”

Thuraya na mumewe Hamud wana duka la vitambaa Kariakoo. Kesho wanaenda harusini Iringa na watoto wanne. Jana Hamud alilileta gari na ombi moja: “Nijazie tu oili ya breki, fundi, nina safari.”

Mboni alichovya karatasi nyeupe kwenye kikopo cha oili, akamwonyesha weusi wake. Akakataa kujazia. Hamud akawaka, akasema mafundi wa mjini wanatafuta hela kwa kila njia, akaondoka na gari lake. Asubuhi hii mkewe amelirudisha.

“Mimi ndiye ninayewapeleka watoto shule,” anasema Thuraya. “Wiki nzima pedeli inazama, nikidhani ni mguu wangu.”

Mboni, mwenye miaka 43, hulieleza jambo hilo kwa kila mteja bila kuchoka. Ukikanyaga breki, oili ndiyo inayosukuma pedi zikabane gurudumu. Lakini oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Baada ya miaka miwili hivi inakuwa na maji ndani. Ukishuka mlima mrefu breki zinapata moto, yale maji yanachemka na kuwa mvuke.

“Mvuke hausukumi kitu,” anasema. “Unakanyaga mpaka chini, gari linakwenda tu.”

Alizaliwa Masasi, akaja mjini mwaka 2004 kwa shangazi yake. Kwa miaka sita aliwauzia mafundi wa Gerezani chai na maandazi. Mmoja wao, Polycarp, aligundua kwamba yule dada wa chai anaitambua breki iliyokwisha kwa mlio tu, kabla gari halijasimama. Akampa spana.

“Wateja walikuwa wananiangalia, halafu wananiuliza, ‘Fundi yuko wapi?’” anakumbuka. Siku nyingi alirudi nyumbani na shilingi elfu tano. Leo kubadilisha oili gari zima ni shilingi 25,000 za ufundi, na kwa siku hupata magari matatu au manne.

Lakini ukali wake kuhusu oili haukutokana na mafunzo. Mwaka 2016 mteja aitwaye Anuari alimletea Corolla akiwa na haraka. Mboni aliona oili imepungua na imechoka. Alijua ikipungua, ama pedi zimekwisha ama kuna mahali inavuja. Hakukagua. Alijazia, akampungia mkono.

Siku ya tatu simu ikaita kutoka Kitonga, ule mlima mkali wa barabara ya Iringa. Wakati wa kuteremka mlima, pedeli ilizama mpaka chini. Anuari alivuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Mkewe Amira alivunjika mkono.

“Hakunitukana,” anasema Mboni, sauti ikishuka. “Aliniuliza tu, ‘Dada, si nilikuletea wewe?’”

Waliporudi, alikwenda nyumbani kwao na kuwaambia ukweli kwamba aliona tatizo akanyamaza. Amira, mkono ukiwa kwenye plasta, alimjibu, “Nimekusikia. Ila mwingine usimwachie aondoke hivyo.”

Tangu siku hiyo Mboni amepoteza wateja wengi kwa kukataa kujazia. Anuari hajawahi kwenda kwa fundi mwingine.

Saa nne Hamud anafika, uso umemshuka. Anaingia garini, anakanyaga pedeli. Ngumu. Anakanyaga tena.

“Fundi, nisamehe kwa maneno ya jana.”

“Yameisha, Baba Nour. Siku ya kurudi, pale Kitonga, weka gia ndogo. Usishushe mlima kwa breki peke yake.”

Siku sita baadaye Thuraya alipita gereji. Walishuka Kitonga nyuma ya lori, alisema, na mumewe hakuacha kuisifu pedeli mpaka Mikumi.

Kuanzia mwezi ujao, Jumapili asubuhi, mtaa ukiwa umetulia, Mboni atawafundisha wenye magari bure: mahali kikopo kilipo, aina ya oili iliyoandikwa kwenye kifuniko, rangi ya kuogopa. Watu ishirini na wawili wameshajiandikisha. Thuraya alikuwa wa kwanza.

“Sitaki wawe mafundi, wataninyang’anya kazi,” anasema Mboni, akicheka na kufuta mikono kwa kitambaa. Kisha kicheko kinakatika. “Nataka mtu afungue boneti yake mwenyewe kabla hajawapakia watoto, aangalie, ajue leo anasafiri au anabaki.”