Bibi Harusi wa Ghorofa ya Tatu

Watu wa mji wetu wa Split wana midomo, hilo halina ubishi. Toka asubuhi na kofia mpya, ikifika adhuhuri umeshapewa jina la kofia. Lakini kati ya midomo yote iliyozaliwa ndani ya kuta za kasri la kale, wa Jerko ndio uliokuwa na kazi rasmi. Alikuwa akitembeza wageni.

Hakuanza hivyo. Miaka ishirini na miwili alichomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mpaka kazi zikapungua akaambiwa ahsante, nenda nyumbani. Akakaa jikoni miezi minane akifunua vyungu na kukosoa chumvi. Mkewe akachoka. "Baba, wewe kusema unajua," akamwambia. "Basi nenda kaseme huko nje, masikio yangu yamejaa." Jerko akakinoa Kiingereza chake cha mabaharia, akasoma historia ya mji wake kama mwanafunzi, akafanya mtihani wa waongozaji, akaanguka, akarudia, akapita.

Na kazi aliiweza, tumpe haki yake. Aliwasimamisha wageni kwenye ua wa nguzo mbele ya sanamu jeusi la Misri, mwili wa simba kichwa cha mtu. Aliwaingiza kanisani na kuwaambia kwamba hapo palikuwa kaburi la mfalme wa Kirumi aliyewaua Wakristo, na kwamba Wakristo walimtupa nje wakaingiza mifupa ya wale wale aliowaua. "Sisi watu wa Split hatulipizi haraka," alisema. "Tunasubiri tu." Wageni walicheka. Yote hayo yalikuwa kweli tupu.

Kasoro ilikuwa kwenye kichochoro chake mwenyewe. Njia fupi ya kutoka kanisani kwenda lango la magharibi hupita pale alipozaliwa, na pale hapana kitu: mawe, paka, na shuka za watu zimeanikwa juu. Siku moja, miaka kumi na moja nyuma, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Kila mtu mjini anajua kwamba kusi likivuma usisaini karatasi, usipose, usigombane na mkwe, kwa sababu kichwa si chako. Jerko alikuwa na kikundi kilicholowa, kimenuna, kinatazama saa. Mzee mmoja akamuuliza, "Na hapa je, hapakutokea lolote?"

Jerko akainua kidole. Sijui alichokuwa akikitafuta huko juu. Kidole kikatua kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, na mdomo ukafuata.

"Miaka mia tatu iliyopita," akasema, "enzi za utawala wa Waveneti, binti mzuri kuliko wote mjini alilazimishwa kuolewa na tajiri kikongwe. Siku ya harusi akavaa gauni jeupe, akafungua dirisha lile, akaruka. Akaangukia jiwe hili hapa. Wapenzi wakiligusa pamoja, hawaachani."

Lo! Wale watu waliokuwa wamenuna walilishika lile jiwe kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja alilia. Kuanzia siku hiyo, mara nne kwa siku, Aprili mpaka Oktoba, bibi harusi aliruka. Jiwe likasuguka likang'aa.

Sasa sikia aibu yenyewe. Dirisha lile lilikuwa na mwenyewe. Alikaa humo jirani yake, Shangazi Perina kama wote walivyomwita, kikongwe wa miaka sabini na nane asiyejua neno la Kiingereza. Na kutoka dirisha lile lile, mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne, alianguka akafa mdogo wake, Slavka, umri miaka kumi na tisa. Jerko alikuwa na miaka minane, anacheza gololi pale chini. Slavka ndiye aliyekuwa akimteremshia mkate wa jemu ya tini ndani ya kikapu cha kamba, akiita, "Jerko, meza na usimwambie mama yako!" Siku aliyoanguka, mama yake Jerko alimfunika macho kwa aproni. Lakini alikuwa ameshaona.

Kwa hiyo usiniambie hakujua. Alijua. Alijiambia kwamba harusi aliitunga, Waveneti aliwatunga, basi na binti naye alimtunga. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno, sembuse mtu ambaye maneno ndiyo kazi yake.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Duje, mlinzi wa mji wetu, Jerko alifika kichochoroni na kikundi cha saa nne akakuta karatasi imebandikwa ukutani, chini ya dirisha, usawa wa macho. Ilikuwa tangazo la kumbukumbu, kama yale wanayobandika wafiwa kila mwaka siku ya msiba ikirudi. Picha ya msichana anayecheka, nywele zimefungwa kitambaa. Chini yake: *1955–1974. Miaka hamsini bila wewe, Slavka. Dada yako Perina.*

Jerko akamrusha bibi harusi wake harakaharaka ili apite. Lakini mama mmoja wa makamo alishaielekezea simu yake, na simu za siku hizi zinasoma kila lugha.

"Hapa imeandikwa 1974," yule mama akasema. "Na alikuwa na miaka kumi na tisa. Ni yeye? Ndiye bibi harusi?"

"Hapana, hapana," akasema Jerko. "Huyo ni mtu mwingine tu. Hahusiani."

"Unamjua?"

"Simjui."

Akasikia ulimi wake ukilitamka lile neno. Alipoinua macho, Shangazi Perina alikuwa dirishani, anawapungia wageni mkono. Wageni nao wakampungia.

Kikundi kilipoondoka alikwenda kujitupa kwenye kiti cha mkahawa wa Bepo, rafiki yake tangu kunyonya. Bepo alimletea kahawa bila kuulizwa, na neno bila kuulizwa.

"Vipi, bwana harusi? Leo mke wako ameruka vizuri?"

"Bepo, niache."

"Nikuache kwa nini? Miaka kumi na moja nakusikia. Mimi nahudumia wageni, unafikiri Kiingereza sijui? Kichochoro kizima kinajua."

"Mbona hamkusema?" Jerko akauliza.

"Tukwambie wewe? Ungetunga jingine." Bepo akafuta meza iliyokuwa safi. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Tulificha kwa ajili ya Shangazi Perina. Si kwa ajili yako, usijidanganye. Wajukuu wetu tumewakanya, wapangaji tumewakanya, mtu yeyote asimtafsirie. Lakini sasa kabandika karatasi pale, na wageni wanauliza. Jerko, mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu wa njiani."

"Nitapanda leo."

"Panda. Na ukifika juu, ufunge mdomo kwanza."

Alipanda. Ngazi sabini na moja, anazijua tangu utoto. Bepo chini alidhani rafiki yake amekwenda kuomba radhi, na natamani nami ningeweza kukwambia hivyo. Mawazo ya Jerko yalikuwa haya: amwombe Shangazi aihamishie karatasi kwenye ubao wa matangazo wa kanisani, hatua mia moja tu kutoka pale, amwambie ndiko watu wengi watakakoiona. Ndivyo alivyopanga kusema, na sauti ya upole alishaiandaa.

"Jerko! Ingia, mwanangu, ingia!" Shangazi Perina alimshika mashavu yote mawili. Mezani palikuwa na tini kavu, sahani ya vileja, na vikombe viwili. "Nilikuwa nakungoja. Nilisema, mwaka huu atakuja mwenyewe."

"Shangazi, nimekuja kwa habari ya lile tangazo..."

"Umeliona? Picha imetoka vizuri? Nimeibandika pale kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya wageni wako. Ukae, mbona umesimama kama mtoza kodi?" Akammiminia kahawa. "Mimi Kiingereza sikijui, lakini macho ninayo. Mwaka wa kwanza nilikuona unaonyesha kidole hapa kwangu, na watu wote wanainua vichwa, wanasikitika. Mmoja akalia. Nikasema, ee Mungu, huyu mtoto wa jirani hajamsahau Slavka. Anawasimulia. Tangu siku hiyo kila siku saa nne nafungua dirisha, wapaone vizuri. Mwaka huu nikafikiri, wanasikia habari zake lakini uso hawaujui. Basi wauone." Akamsogezea tini. "Mimi sina mtoto. Nikifa, utabaki wewe tu wa kumtaja."

Jerko aliishika tini mkononi. Ile sauti ya upole aliyoiandaa hakuiona ilikokwenda. Angeweza kunyamaza. Angekula tini, akashukuru, akashuka, na kikongwe angekufa na furaha yake. Wazo hilo lilimjia, lilikaa naye kidogo.

"Jina lake huwa unawaambia jinsi linavyotamkwa?" Shangazi akauliza. "Wageni wanaliharibu?"

"Sijawahi kulitaja jina lake," akasema Jerko.

"Unawaambia nini basi?"

Akamwambia. Kwa mara ya kwanza aliisema hadithi ile kwa lugha ya nyumbani, ana kwa ana na dada aliyemtunza Slavka, na kila neno lilitoka uchi. Mia tatu. Waveneti. Tajiri kikongwe. Gauni jeupe. Alipofika kwenye jiwe alikuwa ananong'ona.

Shangazi Perina akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha bei ya samaki.

"Unawaambia aliruka?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Slavka hakuruka. Alikuwa anafuta vioo vya dirisha kwa ajili ya sikukuu. Kitambaa kililowa, akateleza."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa mtoto." Akasogeza kikombe kando. "Walisema aliruka. Hapa hapa, kichochoro hiki. Walisema alikuwa na mimba, walisema kuna baharia. Mama yetu alipita mlango kwa mlango, kwa mama yako pia alifika, akiapa kwa Mungu kwamba mwanawe hakuruka. Miaka sita alipita. Mpaka wakamwamini. Alikufa mwaka ule ule walipomwamini, akaniambia, Perina, sasa naweza kulala."

Jerko alijaribu kusema nisamehe. Neno hilo pia lilikuwa limechakaa kinywani mwake. Alikuwa akilitumia kila siku kuwapangua watu njiani.

"Kikundi kina watu wangapi?" akauliza Shangazi.

"Ishirini na tano. Pengine thelathini."

"Mara nne kwa siku."

"Mara nne."

Hakumfukuza, wala hakumlaani. Alivirudisha vile vileja ndani ya bati, kimoja kimoja, akalifunga bati. Akaenda akavuta mbao za dirisha, chumba kikawa giza la mchana.

"Shuka ukaitoe ile picha," akasema bila kugeuka. "Wasiuone uso wake."

Jerko akashuka. Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya unga, kwa bidii ya mtu aliyetaka idumu, na haikubanduka nzima. Ilitoka vipande vipande, paji la uso kwanza, kisha shavu. Bepo alisimama mlangoni kwake na kitambaa mkononi, anamtazama, hakumtania. Kikundi cha saa kumi kilipofika kilimkuta bado anakwangua kwa kucha. Wakamzunguka, wakainua vichwa kutazama lile dirisha lililofungwa, wakasubiri awaambie kulitokea nini.