Viroboto wa Shemeji

Mwaka tuliohamia Misunkumilo, miaka ya tisini, kaka mkubwa wa mume wangu alishuka kutoka Mwese na mbwa wake wa kuwinda. Alisema anatafuta soko la maharage, atakaa wiki moja. Akakaa karibu kiangazi kizima.

Nilikuwa na paka jike, mweusi mwenye kifua cheupe, aliyelala miguuni kwa binti yangu mdogo. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na mama yangu alinifundisha kwamba kiroboto hasubiriwi. Masika au kiangazi, kazi ni ileile: nyunyiza maji, fagia kila asubuhi, siliba nyufa, chemsha gunia analolalia paka ulianike juani, kisha mchane paka kwa kitana juu ya beseni la maji ya sabuni. Majirani walinicheka. Lakini nyumbani kwangu hakuna aliyejikuna.

Yule mbwa alipofika aliingia moja kwa moja jikoni, akajilaza kwenye jivu na kuanza kujitafuna mkia.

"Shemeji," nikasema kwa adabu, "naomba nimwogeshe mbwa, au alale uani."

"Mbwa wa kuwinda haogeshwi," akanijibu. "Ukimwogesha anakuwa mzembe."

Nikamtazama mume wangu. Akainamia ugali wake.

Haikuchukua muda viroboto wakajaa nyumba nzima. Binti yangu alijikuna miguu mpaka ikatoka damu. Na aliyelalamika kuliko wote alikuwa shemeji. "Ni huyu paka," alikuwa akisema. "Nyie mnalala na wanyama, halafu mnashangaa."

Siku moja nilikwenda shambani Kasokola kung'oa mihogo. Niliporudi jioni nilimkuta binti yangu mlangoni, amelia mpaka sauti imemkauka. Paka alikuwa chini ya dirisha, manyoya yamelowa, povu mdomoni, miguu inatetemeka. Harufu niliijua. Ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo jirani yetu Msukuma alikuwa akitia kidogo tu kwenye ndoo nzima ya maji. Shemeji aliiomba, akammiminia paka vilevile ilivyotoka chupani.

Nilimwosha kwa sabuni, maji juu ya maji. Alifia mikononi mwangu kabla sijamaliza kumsuuza.

"Na mbwa wako umempaka?" nikamuuliza shemeji.

"Mbwa ni wa kazi," akasema. "Ile dawa ni kali, ingemdhuru."

Kumbe alijua.

Sikupiga kelele. Nilichukua kamba, nikamfunga mbwa kwenye mpapai, nikamwosha kuanzia kichwani hadi mkiani, nikamchana. Mnyama mwenyewe hakuwa na kosa. Alitulia na kufumba macho, nadhani hakuwahi kupata nafuu kama ile. Shemeji alisimama juu yangu akinikaripia kwamba ninamharibia mbwa. Nikaendelea kuchana. Nilipomaliza, nilibeba beseni, maji meusi kwa viroboto, nikalitua mbele ya miguu yake.

"Angalia, shemeji. Hawa ni wa paka yupi?"

Mume wangu ndiye aliyesema, "Basi mama, yaishe. Ni paka tu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mtu wake. Nikamwambia kwamba tangu siku ya kwanza alijua viroboto wameingia na nani, akaogopa kusema, na mtoto wake akaliwa miguu kwa ajili ya woga huo. Nikamwambia achague: kaka yake arudi Mwese, au mimi na binti turudi kwa mama.

Shemeji aliondoka kabla ya Jumapili, hakuniaga. Viroboto hawakuondoka naye. Nilisiliba na kufagia mpaka mvua za kwanza, ndipo miguu ya binti ikapona. Wakati huo panya walikuwa wameshaingia kwenye magunia ya mahindi.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye harusi ya ukoo, nilimsikia shemeji akisimulia habari ile kama kichekesho: mke wa mdogo wake aliyegombana na wanaume kwa sababu ya paka. Watu wakacheka. Nikaweka sahani chini, nikawaeleza habari ya ile dawa, na kwa nini mbwa wake hakupakwa. Kicheko kikakatika. Mume wangu alinivuta mkono nikae, nikautoa mkono wangu, nikamaliza kusema.